Dkt. Limi Ndaki, Aliyeagiza Ugonjwa Wake Utajwe

Baba Paroko, wazee wa ukoo wa Bujiku, wakwe zetu mliotoka Geita, majirani wa Mwadui na wa hapa Mwamageni, poleni na msiba. Mimi ni Pantaleo Ndaki, fundi mitambo, kaka wa marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma habari za maisha ya mdogo wangu, na kwa kweli ningependa ningekuwa nasomewa mimi.

Kabla sijaanza, nieleze mambo mawili ili tusikwazane. La kwanza, marehemu aliniachia agizo kwamba ugonjwa uliomuua utajwe kwa jina lake, hadharani, siku ya kumzika. Kuna wazee hawakulipenda agizo hilo, na karatasi za kwanza zilizochapwa zilisema amefariki “baada ya kuugua kwa muda mfupi”. Karatasi hizo tumezirudisha. Mliyo nayo mkononi ni ya pili. La pili mnalijua, maana liko kwenye simu zenu tangu Jumatano. Kuna sauti inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Kishapu na Geita inasema kwamba aliyemmaliza Limi kwa uchawi ni Sengi wetu, Bi Lusia Bujiku, dada wa baba yetu. Sengi huyo hapa, amekaa mbele. Mjane, ana miaka themanini, anaishi peke yake, na macho yake ni mekundu. Sote tunajua katika nchi yetu hii mama wa namna hiyo akisemwa hivyo kinachofuata ni nini. Kwa hiyo leo nasoma kwa ajili ya aliyelala humu ndani, na kwa ajili ya aliyekaa pale pia.

Marehemu Agnetha Limi Ndaki alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 Mwadui, ambako baba yetu, Mzee Ndaki Bujiku, alifanya kazi mgodini. Mama yetu aliitwa Vumilia. Tulizaliwa wengi, tukabaki wawili, mimi na yeye. Jina la Limi, yaani jua kwa Kisukuma, alipewa kwa sababu alizaliwa jua likiwa limetoka, na tangu siku hiyo hakupenda kitu kinachofichwa.

Mama alifariki Agosti 1986 akijifungua, yeye na kichanga. Limi alikuwa na miaka saba. Watu wazima walimwonea huruma, wakamwambia mama amesafiri kwenda Tabora kwa dada yake. Ilikuwa huruma ya kweli, simlaumu mtu. Lakini mtoto yule alichukua maneno kama yalivyo. Kila akitoka shule alikwenda kukaa pale basi la kutoka Shinyanga liliposhusha abiria, na sare yake, akiwatazama watu usoni mmoja mmoja. Basi likiondoka alirudi nyumbani akiuliza kama Tabora ni mbali sana. Hayo yaliendelea mpaka Sengi Lusia alipokuja kutuchukua kutuleta hapa kijijini.

Sengi alimkuta kituoni. Alichuchumaa mbele yake akamshika mabega, akamwita mayu, yaani mama, kama tunavyowaita mabinti zetu: “Mayu, nisikilize. Mama yako hakwenda Tabora. Mama yako amekufa. Alitokwa na damu nyingi akijifungua, damu haikukata, akafa. Amezikwa Mwamageni, nitakupeleka ukapaone. Basi hili halitamleta.” Limi alilia pale pale kituoni mpaka watu wakamgombeza Sengi kwa ukatili. Alipomaliza kulia alimshika Sengi mkono, na naweza kusema hakuuachia tena mpaka Jumanne iliyopita.

Elimu ya msingi aliipata hapa Mwamageni kuanzia 1987 hadi 1993. Walimu wake waliobaki wanamkumbuka vizuri, wengine kwa uchungu. Alipokuwa darasa la nne alikuja mkaguzi, akauliza mwalimu wa hesabu yuko wapi. Mwalimu mkuu akajibu kwa heshima kwamba mwalimu amepata udhuru. Limi akanyoosha mkono. “Hapana mwalimu, hakupata udhuru. Yuko kwenye pombe kwa Mama Mageni, nimempita sasa hivi.” Alichapwa kwa utovu wa adabu. Jioni Sengi alipoelezwa alicheka mpaka akaacha kusonga ugali, halafu akamwambia mtoto, “Ulisema kweli, lakini ungeanza na shikamoo.” Kuanzia hapo Limi alisema kweli akitanguliza shikamoo, na ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote.

Aliendelea na sekondari Shinyanga mjini kuanzia 1994 hadi 1997, kidato cha tano na sita Tabora, na mwaka 2000 akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusoma isimu. Baba yetu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Aliyemfungia sanduku la safari ni Sengi. Nakumbuka alimwekea karanga, mafuta ya kupaka na blanketi, kwa sababu hakuna aliyeweza kumshawishi kwamba Dar es Salaam hakuna baridi. Limi alihitimu 2003. Baadaye alisoma shahada ya uzamili, na mwaka 2016 akatunukiwa shahada ya uzamivu. Siku hiyo Sengi alimuuliza kama sasa ataweza kumtibu mguu. Limi alimwambia hapana, udaktari wake ni wa maneno. Sengi akasema, “Basi kuna wagonjwa wengi.”

Mwaka 2004 marehemu aliajiriwa kufundisha Kiswahili sekondari Geita, na huko ndiko alikokutana na mwalimu wa hesabu, Eliya Thobias. Wakwe zetu watanisamehe, lakini lazima niseme jinsi mambo yalivyokwenda. Siku walipokuja kujitambulisha, mama mmoja alimuuliza binti kama anajua kupika. Binti badala ya kuinama kama wengine alijibu, “Shikamoo mama. Najua, ila nikiwa nasoma kitu ugali huungua.” Eliya akasema, “Mimi naula hivyo hivyo.” Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 24 Juni 2006 Geita, wakajaliwa Noela mwaka 2008 na Enock mwaka 2012. Shemeji yangu Eliya ameula ugali ulioungua karibu miaka ishirini na sijawahi kumsikia akilalamika. Tunakushukuru pia, wewe na wazee wako, kwa kukubali alale hapa kando ya mama yake kama alivyoomba.

Sasa nije kwenye kazi yake, ambayo wengi mlikuwa mnaiulizia. Kuanzia 2017 marehemu alikuwa mtafiti katika Kituo cha Lugha na Jamii, Shinyanga. Alichunguza maneno ya chuki kwenye mitandao, na jinsi mtu wa kawaida anavyovutwa hatua kwa hatua mpaka anakubali jirani yake auawe. Watu walidhani anakaa na kompyuta. Yeye alikaa na masikio. Alisema mashine zinazosoma chuki zinajua Kiingereza, kidogo Kiswahili, lakini chuki ya kwetu hairuki kwa maandishi. Inasemwa kwa Kisukuma, kwenye sauti fupi, na mtu mwenye sauti nzuri. Aliingia kwenye makundi ya wachimbaji, ya wafuga ng'ombe na ya vijana wa vijiweni, na hakuwahi kuingia kwa jina la bandia. Alikuwa anaandika, “Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Naitwa Limi wa Ndaki, natafiti maneno ya chuki. Mkinitaka nitoke nitatoka.” Wengi walimwacha. Walimwita Mama Sensa kwa maswali yake.

Mtu akirusha sauti ya kumtaja bibi fulani kwamba ni mchawi, Limi hakubishana naye mbele ya watu. Alimpigia simu. Alimsalimia, akauliza habari za mvua na ng'ombe, ndipo akamuuliza, “Na hili la bibi, wewe umelipata kwa nani?” Akitajiwa mtu, huyo naye alimpigia. Mara nyingi alifika mwisho akakuta hakuna aliyeona kitu. Wengi waliifuta sauti kwa aibu. Wengine walimtukana, na wawili walimtishia maisha, mambo ambayo Eliya alitueleza baadaye. Nilimuuliza siku moja hawa vijana wanakuwaje wauaji. Akaniambia, “Kaka, hakuna anayeamka asubuhi akasema leo naua. Wengi wanaanza kwa kucheka. Mtu anarusha kichekesho cha bibi mwenye macho mekundu, wanacheka. Kesho anarusha cha pili. Siku akirusha jina, wameshazoea.”

Kitu kimoja alikigundua Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, Septemba 2021, na ndicho kilichotufikisha kwenye karatasi hii ya pili. Kijana mchimbaji aitwaye Januari alikuwa amefariki, na ratiba ya mazishi yake ilisema amefariki “baada ya kuugua ghafla”. Mtu alipiga picha yale maneno akayarusha pamoja na sauti: “Mmesoma wenyewe. Ghafla! Kijana mwenye nguvu zake, jana yuko duarani anachimba, leo ghafla? Jiulizeni asubuhi ile alikunywa uji wa nani.” Uji aliunywa kwa Bi Mwanaima, mama mtu mzima kutoka Ujiji aliyekuwa anawauzia wachimbaji. Mchana ule ule banda lake likavunjwa. Yeye alikimbilia ofisi ya kijiji, na vijana wakaizunguka ofisi na sululu mikononi. Mwenyekiti alimpigia Limi kwa sababu wote walikuwa kundi moja.

Siku hiyo walikuwa Geita kwa wakwe, na Eliya ndiye aliyempeleka kwa pikipiki. Mwenyekiti alitaka awahutubie vijana. Limi alikataa, akauliza msiba uko wapi. Alikwenda akaketi kwenye mkeka na mama wa marehemu, akampa pole. Kisha akamuuliza kwa sauti ndogo, “Mama, Januari aliugua nini?”

Yule mama alijifunika kanga usoni. “Kifua kikuu, mwanangu. Alianza dawa akaacha. Lakini wenzake analala nao kambi moja. Tungesema, nani angekuja kumzika?”

“Wamekuja, mama. Wamemzika. Na sasa wanataka kuzika wa pili.”

“Nikisema watamkimbia hata mdogo wake.”

“Inawezekana, mama. Sikudanganyi. Lakini kuna mwenzio amejifungia ofisini, na anayeweza kumtoa ni wewe peke yako.”

Eliya anasema yule mama alikaa pale mpaka akadhani hatainuka. Akainuka. Alitembea mpaka ofisi ya kijiji, vijana wakampisha kwa kuwa ni mfiwa, akasimama mlangoni na kusema, “Mwanangu Januari alikuwa na kifua kikuu. Alikohoa damu mwaka mzima, mimi ndiye niliyekuwa nafua mashuka. Huyu Mwanaima alikuwa anampa uji bure kwa sababu alimwona anakonda. Mkimgusa mtakuwa mmemgusa mwanangu.” Kijana mmoja akauliza, “Kwa hiyo ile kukohoa haikuwa vumbi la karasha la kusaga mawe?” Wakaanza kuulizana nani alilala karibu naye. Waliondoka mmoja mmoja, kila mmoja akijifanya amekumbuka kazi. Wiki ile kambi nzima ilikwenda kupimwa. Bi Mwanaima alihamia Kahama kwa binti yake, na yupo nasi leo, tunamshukuru kwa kuja.

Baada ya pale Limi alirudi kwenye sauti zote alizokuwa amezisikia miaka ile, akaona jambo ambalo hata mimi lilinikosesha raha. Nyingi zilianza baada ya mazishi, na nyingi ziliyashika maneno yetu wenyewe, yale tunayoyaandika kwa adabu. Ghafla. Muda mfupi. Alikuwa mzima. Sisi tunaficha ugonjwa kumlinda marehemu, na lile shimo tuliloliacha mtu mwingine anamtupia bibi wa watu ndani yake. Alipolieleza kwenye mkutano wa wazee wa kata, mmoja alimuuliza kwa hasira, “Unataka tutangaze magonjwa ya maiti wetu, binti?” Akajibu, “Shikamoo baba. Ndiyo.”

Nimefika mahali pagumu. Wazee mnajua kaka na dada kwetu hawatajiani mambo fulani, sembuse mbele ya wakwe. Januari mwaka huu nilikwenda kumwona Limi hospitalini Mwanza. Alikuwa amekonda sana. Aliniambia, “Kaka, wasifu wangu utausoma wewe. Na utasema ugonjwa.”

Nikamwambia, “Nitasema saratani. Inatosha.”

“Haitoshi. Ukisema saratani tu watauliza ya wapi, na asiyejua ataambiwa na anayejua kutunga. Utasema yote.”

“Limi, mimi ni kaka yako. Nitayatoaje maneno hayo mdomoni?”

“Kama unavyosema goti lako linauma. Wewe una goti, mimi nina hiki. Vyote ni mwili.” Halafu akasema, “Sengi ndiye anayeniuguza, kaka. Unafikiri nikifa watamtaja nani?”

Nilimwahidi. Alipofariki, kikao cha ukoo kilisema hapana, tuandike muda mfupi, tumsitiri. Nikaona aibu yangu na yao ni moja, nikaanza kulegea. Aliyesimama ni Eliya. Alisema, “Ni mke wangu. Kama kuna mwenye haki ya kuona aibu ni mimi, na mimi sioni. Taja, shemeji.”

Basi sikilizeni. Dada yangu, Dkt. Agnetha Limi Ndaki, amefariki kwa saratani ya mlango wa kizazi. Dalili zilianza mapema mwaka 2023, alikuwa anatokwa na damu isiyo ya siku zake, akaahirisha kwenda hospitali kwa sababu ya safari za utafiti. Hilo alisema niliseme pia. Novemba mwaka ule alipimwa Mwanza ikaonekana imeshasambaa. Alichomwa mionzi, akapewa dawa, akapata nafuu akarudi kazini. Mwaka jana ikarudi na kuingia kwenye mifupa. Huo si muda mfupi na si ghafla. Ni miaka mitatu ya maumivu. Mama zangu na dada zangu, ugonjwa huu una kipimo, na ukiwahi unatibika. Nendeni.

Sauti inayozunguka inasema, “Sengi kaingia, mgonjwa katoka.” Ni kweli Sengi aliingia. Alikwenda Shinyanga Desemba kwa sababu madaktari walikuwa wametuambia tumwandalie mgonjwa mahali pa kupumzika, na watoto wa Limi walikuwa hawajui kumgeuza kitandani. Sengi alimgeuza. Alimwogesha, akamlisha, akarudi naye Mwanza mwezi Januari maumivu yalipozidi, akalala sakafuni chini ya kitanda chake. Kuhusu macho yake, hapa Mwamageni kuni ni shida tangu tukiwa watoto. Sengi alipika kwa miti ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, moshi wake mnaujua. Macho yale yameharibika kwa kunipikia mimi na Limi. Anayeyaogopa aniogope na mimi, maana mimi ndiye niliyekula.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Shinyanga Jumanne tarehe 10 Februari 2026, saa nne asubuhi. Eliya, Noela, Enock na Sengi walikuwa chumbani. Alimuuliza Sengi kwa Kisukuma kama ndiyo anakufa. Sengi akamwambia, “Ndiyo, mayu. Unakufa. Mimi niko hapa.” Noela anasema mama yake alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo, na hakusema tena.

Ameacha mume, Mwalimu Eliya Thobias. Ameacha watoto wawili, Noela na Enock, ambao wamesimama vizuri leo kuliko mimi. Ameacha kaka mmoja. Ameacha mashemeji, wakwe, wafanyakazi wenzake wa Kituo, na watu wa makundi yale ambao hakuwahi kuwaona kwa macho, ingawa naambiwa wapo hapa leo. Na ameacha mama aliyemlea, Bi Lusia Bujiku, ambaye kesho anarudi kulala nyumbani kwake, hapa hapa kijijini kwenu, mlango mliouzoea.

Udongo wa kwanza atautia yeye. Atapita katikati yenu kwenda kaburini, naomba mumpishe, na kila mtu atakayempita amwambie shikamoo, asikie.

Mungu ampe Limi pumziko la amani. Sengi Lusia naye apewe amani hiyo na ninyi, angali hai.